Ndoo Nne Juu ya Paa

Ndoo ya nne nayo ilikuwa tupu, na hata saa saba mchana haijagonga.

Mke wa fundi aliitazama, damu ikamchemka. Bomba la nyumbani lilikuwa limekauka wiki nzima. Maji yale aliyateka mtaani, akayapandisha ngazi kwa kichwa chake mwenyewe, ili amwogeshe mama yake aliyepooza. Mumewe kayapeleka juu ya paa, kama jana, kama juzi.

Paa lenyewe lilikuwa la zege, bapa. Jua lililipika tangu asubuhi, na ikifika mchana lilirudisha joto lote vyumbani, mtu akakosa pa kukaa.

Aliingia kwa mama yake.

"Nifunike, mwanangu," mama akasema. "Nasikia baridi."

Moyo ulimpasuka. Joto lote hili, baridi ya wapi? Siku ya tatu sasa mama anaomba shuka. Aliogopa, waziwazi, kwamba mama anamponyoka.

Juu yao nyayo zikapita, du, du, du.

"Huyo mumeo ananikanyagia kichwani makusudi," mama akanung'unika. "Mtu ana kinyongo huyo!"

Hakukosea. Siku ya posa mama alimwita fundi mkoroga zege mbele ya wageni, na kwa miaka kumi na moja fundi hajamsalimia. Tangu mama ahamie kwao mwezi uliopita, hajatia mguu chumbani kwake hata mara moja.

Mke alipanda ngazi mbio, pekupeku.

"Wewe mwanaume! Mama yangu anakufa huko chini, wewe unamwagilia zege! Zege la miaka tisa! Bado bichi?"

Fundi hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, akinyoosha magunia yaliyolowa chapachapa.

Mke alimwendea ampokonye ndoo. Paa likamuunguza nyayo, akarukaruka huku akimtukana, mpaka akakanyaga gunia. Hapo palikuwa na ubaridi.

Mama alikohoa, moja kwa moja chini ya miguu yake. Magunia yalianzia usawa wa ukuta mmoja wa chumba cha mama, yakaishia usawa wa ukuta wa pili. Juu ya chumba chao wenyewe, zege lilikuwa kavu kabisa.

"Ukimwambia mama yako tu," fundi akafoka bila kuinua uso, "sipandi tena."