Kula, Yaishe

Zamani wanyama walipokuwa wakisema, Panya Buku alilelewa na mama aliyefuta kila chozi kwa muhogo. "Kula, mwanangu, yaishe," alizoea kumwambia.

Buku naye akamlea hivyo hivyo bintiye, Mashavu. Akianguka, muhogo. Akichekwa na wenzake, muhogo. Baba yake alipobebwa na bundi, muhogo kutwa kucha.

Siku moja Mashavu akalia tena. Buku akakimbilia akiba yake.

"Sina njaa, mama. Namlilia baba."

Muhogo ukamponyoka Buku. Akakaa, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Walipotulia, wakataka kutoka nje wapunge hewa. Mashavu hakupenya mlango wa shimo lao.

Buku akaanza kuchimba ili kuupanua, machozi yakimtoka. "Kumbe hayakuwa yakiisha," akasema. "Yalikuwa yakinenepa."