Bakuli la Padre Odilo

Kabla hakujapambazuka, mwiko ulikwangua sufuria, krr, krr, na Eufrasia akaamka akidhani yuko kwake. Kumbe alikuwa kwenye nyumba ya wageni ya abasia, makao ya watawa, alikokuja kukaa kimya siku tatu. Tangu amzike mumewe, alikuwa akila peke yake.

Jikoni, Bruda Landelini alikuwa akipakua uji. Bakuli moja aliliweka pembeni, kando ya msalaba mdogo wa mti, akaliongezea sukari.

"La nani hilo, Bruda?"

"La Padre Odilo. Tulimzika wiki iliyopita. Sisi Wabenediktini marehemu tunampakulia siku thelathini. Na mzee yule alipenda sukari!"

Eufrasia aliketi taratibu. Miezi minne sasa alikuwa akimpakulia mumewe kila jioni, na wifi yake hakumwacha apumue: "Wifi, maiti hali ugali! Utatutia aibu."

"Hata mimi nampakulia wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi namwaga."

"Aa, mama, hicho hakimwagwi. Sisi humpa mwenye njaa." Bruda akamkabidhi bakuli. "Leo peleka wewe. Yuko getini."

Alilibeba kwa mikono miwili, umande ukimlowesha miguu. Getini, juu ya jiwe, msichana mdogo alikuwa amejikunyata kwa baridi. Alipokea bakuli, akapiga funda moja, kisha akamtazama yule mama aliyesimama tu, hajui aelekee wapi. Akasogea pembeni ya jiwe.

"Kaa tunywe wote, mama," alisema.