Mkono wa Gauni

Muuguzi alikuwa ameshaandaa sindano pale mama mkwe wa mjamzito alipoingia zahanati bila hodi, kikapu mkononi, akihema.

"Umekwenda sokoni bila kikapu, mwanangu?"

Mjamzito akajikunyata kitini. Uongo wake wa sokoni umeshikwa. Nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja chanjo mbele ya yule mama. Ikitajwa tu, huinuka akatoka nje.

"Ya nini hiyo?" mama mkwe aliuliza.

"Ya pepopunda, mama," muuguzi alijibu. "Ni salama kwa mjamzito, na itamkinga mtoto akizaliwa."

Mama mkwe akakiweka kikapu chini, akaushika mkono wa gauni la mkwewe na kuanza kuukunja, pindo juu ya pindo, taratibu, kama anayemvalisha mtoto mchanga.

"Alianza kunyonya vizuri tu," alisema, macho kwenye lile gauni. "Halafu taya zikakaza. Mimi sikuwa nimechanjwa."

"Nani, mama?" mjamzito aliuliza.

"Kaka yake mumeo."

Mjamzito akamkodolea macho. Miaka yote alijua mumewe ndiye kifungua mimba.

Mama mkwe alikunja pindo la mwisho, akalibana kwa kidole.

"Haya," akamwambia muuguzi, "mchome."