Tone la Molibdeni kwenye Chai

Siku hizi sheria inataka kila chai ya wanandoa itiwe tone la molibdeni, dawa ya kulainishia vyuma vya injini, ili nyumba isisuguane. Mwanakombo, fundi pikipiki, alikuwa akimwaga lake kwenye sinki. Oili yenye dawa ile ukiitia kwenye pikipiki, klachi huteleza: injini inanguruma, safari hakuna.

"Maandazi yote yameungua, Shaibu," alimwambia mumewe, ambaye lake hunywa kila siku.

"Ndivyo niyapendavyo, mke wangu."

"Cherahani ya marehemu mama yako nimeiuza."

"Ilikuwa inajaza nafasi tu."

"Basi naondoka, na sirudi!"

Shaibu akainuka, akamfungulia mlango, akamkabidhi mwavuli.

"Mvua hiyo, usije ukalowa."

Mwanakombo akasimama kizingitini na mwavuli wake, akisubiri klachi ishike.