Nyasi Bado Hazijavuta Pumzi

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, na kulipokucha uwanda mzima ulinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sinyati, mwanawe mgongoni, alipiga magoti ndani ya malisho ya akiba akafunika nyasi kwa ndoo ya kioo. Mshale wa kipimo cha hewa kilichofungwa juu ya ndoo ukaenda kulia, upande wa hewa inayotoka ardhini.

"Fungua lango, shemeji," alisema Koisa, kaka wa mumewe, nje ya ua wa miiba. Ng'ombe wake walikuwa mbavu tupu. "Kijani si hicho hapo?"

"Hiyo ni rangi tu, mvua imeziosha vumbi. Mvua moja huamsha vijidudu vya udongoni, vikapumua. Nyasi zenyewe bado hazijavuta pumzi. Tulikubaliana kijiji kizima, mshale uende kushoto kwanza, nyasi zianze kuivuta hewa. Zikikanyagwa leo, mwaka huu hatuna malisho."

"Yaani ng'ombe wangu wafe kwa ajili ya ndoo?"

"Njoo uone mwenyewe."

Akaingia, akachuchumaa. Kioo kilikuwa kinafanya ukungu taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala chini yake. Koisa, bingwa wa mizaha, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Kumbe ardhi iko hai," alinong'ona. "Bado mvua ngapi?"

"Mbili, labda."

"Yule ng'ombe wangu mweupe hafikishi mbili, shemeji."

Koisa akatoka, akalifunga lango kwa mikono yake mwenyewe, akapiga mluzi. Ng'ombe wakageuka kuelekea bonde la mbali. Yule mweupe alibaki nyuma, shingo kaipitisha juu ya miiba, ananusa, na huko mashariki wingu lilikuwa likishuka polepole.