Mbeleko Iliyoshushwa Ukutani

Kengele ya shule ilipolia, Mashavu alikuwa tayari na kikombe cha maji. Nesi wa uzazi wa mpango alimwambia achague wakati mmoja wa kila siku, asiubadilishe, naye akaichagua kengele ile. Akameza kidonge chake cha kwanza, akacheka peke yake kama aliyetekenywa.

Kisha akaishusha mbeleko. Ilikuwa imebeba watoto watano mgongoni mwake, na katika nyumba ile mbeleko haikutiwa sandukuni. Ilining'inia kwenye msumari ikimsubiri mwingine.

Mama mkwe wake alikuwa uani, akipepeta mchele.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Nataka kushona gauni, mama."

"La mtoto?"

"Langu."

Mama mkwe akatazama kupitia mlangoni, hadi kwenye msumari mtupu. Tabasamu halikumfutika Mashavu usoni. Mama mkwe akaweka ungo chini, akaingia chumbani kwake, akarudi na mkasi.

"Wako ni butu," alisema. "Na ulitie mifuko, mwanangu. Mimi nililitaka la mifuko tangu mtoto wangu wa tatu. Nikazaa tisa."

Akapiga magoti mkekani, akaushika upindo wa mbeleko, akauvuta ukanyooka.