Kitanda cha Njiwa

"Hatukubali atolewe," Bi Mashavu aliwaambia wajumbe wa bodi ya parole. "Alimuua binti yangu Rehani, akamwacha mtoto wa miezi mitatu. Amalize kifungo chake humohumo ndani."

Mumewe, Mzee Shomvi, aliitikia kwa kichwa.

Mwenyekiti aliandika, kisha akafungua faili. "Pole sana, mama. Lakini lazima muone na upande wake. Gerezani amejifunza useremala. Hii ni kazi ya mikono yake."

Akawasogezea picha. Ilikuwa ya kitanda cha mtoto, kichwani pamechongwa njiwa aliyegeuza shingo kutazama nyuma.

"Cha namna hii alitengeneza kimoja tu," mwenyekiti aliendelea. "Kiliuzwa siku ileile."

Bi Mashavu aliivuta picha karibu. Njiwa yule alimjua mpaka ufa mdogo wa kwenye bawa. Mjukuu wake hakubali kulala kabla hajambusu.

"Baba Rehani," alisema polepole, "kile kitanda ulikinunua wapi?"

Mzee Shomvi alikuwa ameinamia picha. "Duka la magereza. Si kila mtu anasema mbao zao ni imara?"

Mwenyekiti alichukua tena kalamu.

"Mama," mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya chini, "niandike bado mnapinga?"

"Andika. Tunapinga."

Lakini kidole chake kilikuwa juu ya picha, kikimpapasa njiwa shingoni, taratibu, kama afanyavyo mjukuu wake kila anapoamka.